Marekani bastola unainunua kwa dakika, kibali cha kuibeba unasubiri wiki. Mnaoishi huko hebu tueleweshane

#1 Mpiga Debe Mstaafu
Wakuu salaam. Nina shemeji yuko Houston, Texas. Juzi kwenye simu ananiambia kanunua bastola. Kaingia dukani, kajaza fomu, muuzaji kapiga simu mahali, na kabla shemeji hajamaliza kuchagua mkoba wa kuitia, jibu likarudi: uza. Kalipa, kaondoka nayo.

Sasa anahangaikia kibali cha kuibeba kiunoni chini ya shati, na huko mambo ni mengine kabisa. Darasa, mtihani wa kuandika, mtihani wa shabaha, alama za vidole vyote kumi, halafu asubiri jimbo limjibu, na wanaweza kuchukua mpaka siku 60.

Nimekaa nawaza. Kinachoua ni chombo chenyewe. Kwa nini anayekipata apekuliwe kwa simu ya dakika chache, halafu anayetaka kukifunika na shati ndiye achujwe mpaka vidole? Kwa akili yangu ya Mbagala ilitakiwa iwe kinyume. Au shemeji kanimiminia chai?

#2 Kijana wa Tandale
Naweka kambi hapa.

#3 Dereva wa Masafa
Mimi niko Dallas, naendesha lori. Chai hakuna, ila shemeji kaficha jambo moja: Texas kibali hicho SI LAZIMA. Tangu 1 Septemba 2021, mwenye miaka 21 ambaye hajazuiwa kumiliki silaha anabeba bila kibali chochote, ya kufichwa au ya kuonekana ikiwa kwenye mkoba wake. Darasa na vidole anavifanya kwa hiari yake.

#4 Mpiga Debe Mstaafu
Hapo ndiyo umenizamisha kabisa. Kama si lazima anahangaikia nini sasa?

#5 Dereva wa Masafa
Sababu ziko tatu. Kwanza, akivuka kwenda jimbo lingine, mengine yanaheshimu kibali cha Texas, mengine hayakitaki (California, Illinois na New York usijaribu kabisa). Pili, sheria ya serikali kuu inakataza silaha ndani ya futi 1,000 kutoka shule, na mwenye kibali cha jimbo hilo anasamehewa. Hebu nitajie mji usio na shule kila kona. Tatu, na hii ndiyo tamu kwako: ukiwa na kibali cha Texas, ukienda kununua bastola nyingine muuzaji hapigi simu. Unajaza fomu, unaonyesha kibali, basi.

#6 Mpiga Debe Mstaafu
Ngoja. Kibali kisicho cha lazima ndicho kinachunguzwa kuliko silaha yenyewe, na ukishakipata hata ile simu ya dakika haipigwi? Nchi ya watu wazima hii?

#7 Wakili wa Kijiweni
Mleta uzi, unaangalia sheria mbili zenye wenyewe wawili.

Kununua dukani kuko chini ya serikali kuu. Sheria ya 1968 iliorodhesha wasioruhusiwa: aliyetiwa hatiani kwa kosa linaloweza kumfunga zaidi ya mwaka, anayekimbia mkono wa sheria, mtumiaji wa dawa za kulevya, aliyepelekwa hospitali ya akili kwa amri, aliyefukuzwa jeshini kwa aibu, aliyeko nchini kinyume cha sheria. Mwaka 1996 wakaongezwa waliotiwa hatiani kwa kuwapiga wenza wao, hata kwa kosa dogo. Lakini kwa miaka mingi serikali kuu haikuwa na mtu wa kuhakiki. Isipokuwa majimbo yaliyojitungia utaratibu wake, mnunuzi alitia tiki kwamba yeye si mhalifu, akasaini, akaenda zake.

James Brady, msemaji wa Rais Reagan, alipigwa risasi kichwani 30 Machi 1981 kwenye jaribio la kumuua Reagan. Akaishi na ulemavu, yeye na mkewe wakapigania sheria ambayo Clinton aliitia saini 30 Novemba 1993. Mwanzoni kazi ya kuchunguza walipewa wakuu wa polisi wa maeneo, na muda wa siku 5 za kazi. Sherifu mmoja wa Montana, Jay Printz, akagoma, kesi ikafika Mahakama ya Juu, na 1997 akashinda: serikali kuu haiwezi kumtuma ofisa wa jimbo kazi zake. Ndipo 30 Novemba 1998 ukawashwa mfumo wa FBI unaoitwa NICS, uko Clarksburg, West Virginia. Simu ya muuzaji inaishia kwenye mfumo huo.

Kubeba hadharani ni mambo ya jimbo. Kila jimbo na kichwa chake.

#8 Nyanya Chungu
Nimesoma bandiko la 7 mara mbili. Wakili leo umelipwa na nani?

#9 Msee wa Juja
Wakubwa, niaje. Hapa Kenya hakuna hiyo story ya mbili. Unaomba cheti cha silaha kwa Bodi ya Leseni za Silaha, unaeleza sababu nzuri ya kutaka bunduki, wanakupima, wanakuuliza maswali, ukibahatika unapata. Duka linakuja mwisho. Na 2018 waliwaita raia wote wenye bunduki wakachujwe upya. Buda, hiyo ya Texas ya kununua kabla mkate haujaiva iko wapi hapa?

#10 Mwanamasasi
Hata kwetu Tanzania ndivyo. Unaanzia serikali ya mtaa au kijiji, wanaokujua tangu unavaa kaptula, unapanda kata, OCD, kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, RPC, mpaka juu kabisa. Jirani uliyemdhulumu mpaka wa shamba anaweza kukukwamisha palepale chini.

#11 Binti Mkunazini
Assalaam aleikum. Niko Maryland, na nawaomba msiseme "Marekani" mkimaanisha Texas. Huku kwetu tangu 1 Oktoba 2013 huendi kununua bastola kama huna leseni ya ununuzi kwanza: darasa la saa 4, alama za vidole, na unaweza kungojeshwa mpaka siku 30. Ukishaipata, ukinunua unangoja tena siku 7. Kibali cha kubeba ni safari nyengine, darasa la saa 16. Mimi nimeyapitia yote mawili. Maswali ni yale yale, vidole ni vile vile, pesa ndiyo mara mbili.

Ukivuka mto ukaingia Virginia mambo yanageuka. Muuzaji anauliza polisi ya jimbo, unaondoka nayo. Kibali cha kubeba kinatoka mahakamani, nao wana siku 45.

#12 Dereva wa Masafa
Dada umenikumbusha kwa nini Maryland napita bila kusimama.

#13 Fundi Mitambo wa Ubungo
Nadhani wote mnaruka kitu cha msingi, nacho ni cha kiufundi tu. Simu ya dukani inatafuta JINA, tarehe ya kuzaliwa, jinsia, jimbo unaloishi. Kompyuta inapitisha kwenye hifadhi tatu: ya watu wanaotafutwa na wenye amri za mahakama, ya historia za jinai, na ya waliozuiwa kwa sababu nyingine. Asiye raia anapitishwa pia kwenye kumbukumbu za uhamiaji. Kutafuta jina ni kazi ya sekunde.

Kibali cha kubeba katika majimbo mengi kinatafuta VIDOLE. Vidole lazima vipokelewe, vilinganishwe, halafu mtu asome faili zilizotokea, ajue kesi ya 2004 iliishaje. Hapo ndipo wiki zinapokwenda. Ni tofauti ya kazi tu, msitafute falsafa.

#14 Mla Urojo
Hili la jina naomba niliunge mkono. Jina langu ni la yule babu wa kila kijiji cha pwani, moja la mtume na moja la swahaba. Nina grini kadi na sijawahi hata kuandikiwa faini ya kuegesha gari. Kila nikitaka kununua jibu ni lile lile: subiri. Muuzaji anaanza kuniangalia kama nimeiba mbuzi. Kumbe kuna mwenzangu mahali ana jina hilo na mambo yake si mazuri. Nilipochukua kibali cha kubeba, vidole vikasema mimi si yule. Kwa hiyo wanaolalamikia vidole, mimi vimeniokoa.

#15 Wakili wa Kijiweni
Mla Urojo, kuna njia halali ya hilo. Unaomba FBI wakuweke kwenye faili la hiari, unawapa vidole, wanakupa namba yako pekee unayoiandika kwenye fomu 4473 (ile ya kujaza dukani) kila ukinunua. Pia kwenye fomu hiyo namba ya hifadhi ya jamii ni hiari, ila ukiiandika inapunguza kuchanganywa na wenye majina kama yako.

#16 Mushi wa Bukavu
Bandugu, jambo. Miye niko Des Moines, Iowa. Ongezeni na hii: sisi wengi tuliotokea kambi za wakimbizi tumeandikwa kuzaliwa tarehe 1 Januari. Sasa jina linafanana, tarehe inafanana. Mjomba wangu na rafiki yake wa kanisa wote Januari 1, mwaka uleule, jina la kwanza lilelile. Kama mmoja akikosea, wote wawili wanalala na kesi.

#17 Kijana wa Tandale
Nacheka na kusikitika hapohapo.

#18 Mpiga Debe Mstaafu
Fundi wa bandiko la 13, nimekuelewa, lakini hujajibu. Kama vidole ndivyo vyenye uhakika, kwa nini visitumike kwenye kununua? Umenieleza kwa nini vinachelewa tu.

#19 Fundi Mitambo wa Ubungo
Kwa sababu wanunuzi ni mamilioni kwa mwaka, mzee. Ukiweka vidole kwa kila mmoja foleni itafika Kibaha.

#20 Binti Mkunazini
Fundi, Maryland wanaweka vidole kwenye kununua na foleni haijafika popote. Anayetaka anaweza.

#21 Profesa wa Barazani
Jibu ni katiba. Mahakama ya Juu mwaka 2008 kwenye kesi ya Heller ilisema raia ana haki ya kuwa na bastola nyumbani kwake kujilinda. Kinacholindwa na haki hakiombewi ruhusa. Serikali ndiyo inayopaswa kuthibitisha kuwa wewe umezuiwa, na ikishindwa kwa haraka, unapewa. Kubeba barabarani hakukuwa na hadhi hiyo, kwa hiyo majimbo yalijipa uhuru wa kuchuja. Ni hivyo tu.

#22 Wakili wa Kijiweni
Profesa, umeishia 2008. Tarehe 23 Juni 2022 kesi ya Bruen ilisema kubeba nje ya nyumba nako ni haki. New York ilikuwa na sheria tangu 1911, na mtu alitakiwa aonyeshe sababu maalumu ya kumtofautisha na watu wengine ndipo aruhusiwe kubeba kwa kuficha. Sharti hilo likafutwa. Siku chache baadaye Maryland nayo ikaacha kudai "sababu nzito".

Sasa ona ajabu. Jaji Kavanaugh kwenye maoni yake ya kesi hiyohiyo akasema majimbo bado yanaweza kudai vidole, uchunguzi wa rekodi, rekodi za afya ya akili na mafunzo. Ikawa haki mbili zenye hadhi sawa, na bado moja inachujwa kwa vidole na nyingine kwa simu. Kwa hiyo nadharia yako ilieleza mambo ya zamani, haielezi ya leo.

#23 Profesa wa Barazani
Inaeleza vizuri tu. Sheria zilijengwa kabla ya 2022 na hakuna aliyezibomoa. Nyumba haihami kwa sababu hati imebadilika.

#24 Nyanya Chungu
Hawa wawili wapewe chumba chao.

#25 Mama Chanja
Niko Minnesota miaka mingi, naomba kuongea kama mtu mweusi. Mnajadili katiba na vidole, hakuna anayesema ukweli wa historia. Kibali cha kubeba kilipewa sherifu na jaji wa eneo ili WAWEZE kukataa. Mwaka 1956 nyumba ya Martin Luther King ilipigwa bomu Montgomery, Alabama. Akaomba kibali cha kubeba bastola. Akanyimwa. Mchungaji, aliyekuwa akitishiwa kuuawa, akanyimwa. Utaratibu ule ulikuwa na mlango wa "mimi sherifu sikupendi". Dukani mlango huo haukuwepo kwa namna ile, kwa sababu mwenye duka anataka hela.

#26 Profesa wa Barazani
Mama, hilo ni kweli kwa Kusini ya wakati ule, lakini leo majimbo karibu yote yanalazimika kutoa ukitimiza masharti. Na 29 hayalazimishi kibali, Louisiana na South Carolina wameingia 2024. Vermont haijawahi kukidai.

#27 Mama Chanja
Wanalazimika kukupa karatasi. Philando Castile alikuwa na karatasi. Tarehe 6 Julai 2016, hapa Falcon Heights, alimwambia askari kwa adabu kuwa ana silaha, akapigwa risasi ndani ya gari mbele ya mwenzake na mtoto. Askari akaachiwa huru na baraza la mahakama 2017. Mwanangu wa kiume alipotaka kuomba kibali nilimwambia ukikipata usiniambie, sitalala.

#28 Msee wa Juja
Manze. Pole mama.

#29 Dereva wa Masafa
Mama Chanja pole. Mimi nikisimamishwa, mikono juu ya usukani kabla hajafika dirishani, taa ya ndani nimewasha.

#30 Mushi wa Bukavu
Turudi kwa swali la mzee. Miye nafikiri wanaogopa vitu viwili tofauti. Kwa kununua wanauliza: "wewe uko kwenye orodha?" Kwa kubeba wanauliza: "wewe ni mtu wa namna gani?" Ya kwanza mashine inajibu. Ya pili inataka mtu.

#31 Mpiga Debe Mstaafu
Mushi, hili limenikaa. Sasa Texas wanauliza nini kwenye hiyo "namna gani"?

#32 Dereva wa Masafa
Mengi ambayo dukani hayakuzuii. Makosa madogo ya daraja A na B ndani ya miaka 5. Kutiwa hatiani kwa makosa ya ulevi au dawa za kulevya mara mbili ndani ya miaka 10. Kodi ya jimbo usiwe unadaiwa. Na HII HAPA: matunzo ya mtoto. Ukiwa na malimbikizo ya matunzo ya mtoto, kibali hupati. Lakini bastola dukani unauziwa bila shida.

#33 Nyanya Chungu
Aaah! Sasa nimeelewa kwa nini shemeji anahangaika. Mpiga Debe muulize watoto wa Tanga wanakula nini.

#34 Mpiga Debe Mstaafu
Nyanya Chungu usiniharibie ukoo.

#35 Kijana wa Tandale
Hiyo sheria ikija Bongo hakuna atakayebeba hata manati.

#36 Binti Mkunazini
Na ingekuja, mabibi wengi tungeipigia kura mikono miwili.

#37 Mzee wa Kazi
Mimi naona wote mnazunguka. Ni BIASHARA. Anayeuza bastola anataka mteja asiondoke mikono mitupu, ndiyo maana simu ni ya dakika. Anayefundisha darasa la kibali anataka darasa liwepo. Fuata pesa.

#38 Dereva wa Masafa
Texas ada ya kibali ilikuwa dola 140, wakaishusha mpaka 40 mwaka 2017, halafu 2021 wakaondoa ulazima wenyewe. Wenye madarasa walipoteza wateja. Pesa ipi hiyo unayoifuata?

#39 Mzee wa Kazi
Ya wauza bastola. Umenijibia mwenyewe.

#40 Fundi Mitambo wa Ubungo
Tuseme ukweli, ule uchunguzi wa dukani una matundu makubwa kuliko mnavyodhani. Muuzaji binafsi asiye na leseni ya biashara, akimuuzia mkazi mwenzake wa jimbo, sheria ya serikali kuu haimlazimishi kupiga simu yoyote. Majimbo kadhaa yameziba, kama California, Colorado na Washington. Texas haijaziba.

Tundu la pili ni siku tatu. Jibu likiwa "subiri" na siku 3 za kazi zikapita bila uamuzi, muuzaji anaruhusiwa kuuza. Ndivyo yule kijana aliyeua waumini 9 kanisani Charleston tarehe 17 Juni 2015 alivyoipata bastola yake. Rekodi iliyotakiwa kumzuia haikupatikana kwa wakati.

#41 Wakili wa Kijiweni
Fundi yuko sawa kwa wenye miaka 21 na zaidi. Tangu Juni 2022, kwa walio chini ya 21 muda unaweza kufika siku 10 za kazi na wanaulizia pia rekodi za utotoni. Ila bastola dukani huuziwi chini ya miaka 21, kwa hiyo nyongeza hiyo inahusu bunduki ndefu.

#42 Mama Chanja
Na mashine inajua kile tu ilichopelekewa. Sutherland Springs, Texas, Novemba 2017, watu 26 waliuawa kanisani. Yule mtu mahakama ya jeshi ilikuwa imemtia hatiani kwa kumpiga mke na mtoto. Jeshi la Anga halikupeleka taarifa FBI. Akanunua dukani, fomu safi, jibu "uza". Halafu Gavana Abbott akasema hadharani kuwa mtu huyo aliomba kibali cha kubeba, Texas wakamnyima. Mleta uzi, swali lako lote liko kwenye mtu mmoja huyo.

#43 Mpiga Debe Mstaafu
Subirini nikae. Yaani jimbo limsome lisimwamini kubeba, na duka limuuzie?

#44 Profesa wa Barazani
Msikimbilie kusema vidole vingemzuia. Kama hatia haikupelekwa, vidole vingekuta nini? Tatizo pale lilikuwa ofisi iliyokaa na karatasi.

#45 Mla Urojo
Profesa, mtu anayesoma faili anaweza kupiga simu, anaweza kuuliza. Mashine haina shaka.

#46 Profesa wa Barazani
Na mtu mwenye shaka ndiye aliyemnyima King kwenye bandiko la 25. Chagueni.

#47 Msee wa Juja
Hapo Profe ameweka mpira wavuni.

#48 Mama Chanja
Hajaweka popote. Kumnyima mwenye rekodi ya kupiga mtoto na kumnyima mchungaji aliyepigwa bomu si shaka ya aina moja.

#49 Wakili wa Kijiweni
Nirudi kwenye bandiko la 5, kibali kuwa badala ya simu. Si kila jimbo. Serikali kuu inakubali kibali kilichotolewa ndani ya miaka 5 iliyopita, kwa sharti kwamba waliokitoa walipitisha jina kwenye NICS kikamilifu. Alabama ilipoteza nafasi hiyo 2019 baada ya kugundulika masherifu wametoa vibali bila uchunguzi kamili. Michigan ikafuata Machi 2020 kwa sababu ya namna hiyohiyo. Kwa hiyo Mpiga Debe, ile "kibali huchunguzwa zaidi" uliyoanza nayo si sheria ya asili. Kuna mahali kibali kilichunguzwa PUNGUFU ya simu.

#50 Mpiga Debe Mstaafu
Alabama hiyohiyo ya King?

#51 Wakili wa Kijiweni
Hiyohiyo.

#52 Fundi Mitambo wa Ubungo
Kuna swali gumu zaidi hapo. Simu ya dukani inakuangalia LEO. Kibali kinasema ulikuwa safi siku kilipotoka, labda miaka minne nyuma. Ukitiwa hatiani katikati je?

#53 Dereva wa Masafa
Texas ukishtakiwa tu wanasimamisha kibali.

#54 Mama Chanja
Minnesota sherifu anatakiwa kuwapitia wenye vibali angalau mara moja kwa mwaka.

#55 Wakili wa Kijiweni
Na Kentucky huwapitisha wenye vibali kwenye NICS kila mwezi. Ndiyo maana ukiona takwimu za uchunguzi za Kentucky ziko juu kupita kiasi, usidhani kila mtu kule ananunua bunduki kila Jumamosi. Magazeti mengi hunasa hapo.

#56 Mwanamasasi
Sisi uhakiki wa silaha wa 2016 pale Dar watu walipanga mstari na bunduki za babu zimefungwa kwenye kanga.

#57 Kijana wa Tandale
Nina swali la kijinga. Kwenye hiyo fomu 4473 nikidanganya?

#58 Mla Urojo
Muulize mtoto wa Rais mstaafu. Hunter Biden, bastola ya 2018 kule Delaware, alisema si mtumiaji wa dawa za kulevya. Juni 2024 akatiwa hatiani.

#59 Mzee wa Kazi
Na baba akamsamehe Desemba. Wewe wa Tandale baba yako atakusamehe?

#60 Kijana wa Tandale
Baba yangu atanipeleka mwenyewe kituoni.

#61 Dereva wa Masafa
Hapo niwaonye ndugu zangu wa Colorado na kwingineko bangi imehalalishwa. Fomu imeandika waziwazi kuwa kwa serikali kuu bangi bado ni haramu hata kama jimbo lako limeruhusu. Wengi wanatia "hapana" huku nguo zinanukia.

#62 Mpiga Debe Mstaafu
Nimeongea na shemeji jana usiku, nimemsomea mabandiko. Anasema yeye darasa limemfaa kuliko yote: nusu ya muda walifundishwa lini USIITOE, na namna ya kuongea na askari. Anasema dukani hakuna aliyemuuliza kama anajua kuondoa risasi kwenye chemba. Kuhusu watoto wa Tanga kakata simu.

#63 Nyanya Chungu
NILISEMA.

#64 Binti Mkunazini
Hili la shemeji ndilo langu mimi. Rekodi safi si ujuzi. Kuna watu hawajawahi kuiba hata chungwa, na ukiwapa bastola watajipiga mguu.

#65 Profesa wa Barazani
Lakini yule wa kijijini anayekaa mbali na kituo cha polisi, hana saa 16 wala nauli ya kwenda darasani, naye ana maisha ya kulinda. Masharti hayamgusi tajiri.

#66 Mushi wa Bukavu
Profesa, huku Iowa wameondoa ulazima wa vibali vyote viwili tangu Julai 2021, cha kununua na cha kubeba. Lakini ukinunua dukani bila kibali wanapiga simu. Basi mjomba wangu wa Januari 1 akachukua kibali kwa hiari yake, ili asisubirishwe kwa jina. Kila mtu na sababu yake.

#67 Mwanafunzi wa Ohio
Nimechelewa kuingia. Mimi niko kwa viza ya uanafunzi. Siitaki ya kununua, ila wenzangu wa darasa wananialika uwanja wa shabaha Jumamosi, unakodi palepale. Hapo hakuna uchunguzi wowote, si ndiyo?

#68 Mzee wa Kazi
Nenda kijana, kukodi si kununua.

#69 Wakili wa Kijiweni
USIENDE kwanza. Mzee wa Kazi usimtie mtoto kwenye shimo. Mwenye viza ya muda amezuiwa KUWA NA silaha wala risasi, si kununua tu, na kuishika uwanjani kunaweza kuhesabiwa. Kuna msamaha kwa mwenye leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Uliza wakili wa uhamiaji wa hapo ulipo kabla ya Jumamosi.

#70 Mwanafunzi wa Ohio
Leseni ya kuwinda? Mimi hata kuku nyumbani anachinja kaka. Hiyo leseni inapatikanaje, nayo ina vidole?

#71 Dereva wa Masafa
Haina. Darasa la usalama, ada, unapewa.

#72 Mpiga Debe Mstaafu
Jamani. Yaani leseni ya kuua swala ndiyo inamfungulia mgeni mlango wa kushika bastola? Nafungua uzi mwingine.